Swali la Kahawa Iliyokauka

Kagoma, Jumamosi alasiri

Kemilembe mwanangu,

Umeondoka saa nane kwenda Rubya kumuaga mama yako mdogo, na kwa jinsi ninavyomfahamu Adventina, hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili na kukufungia kahawa ya kutafuna ya kuwapelekea watu wa Japani, wapende wasipende. Kwa hiyo nina kama saa tatu. Nimeketi kwenye meza yangu ile ya kusahihishia madaftari, mbele ya dirisha, na jamvi la kahawa nimelitandika uani pale ninapoweza kuliona. Mvua ikija nitakimbia kuikusanya na barua itasubiri.

Sitakuandikia habari za sweta, pasipoti, wala chakula cha kwenye ndege. Hayo yamesemwa na kila aliyepita hapa wiki hii, hata na watu ambao hawajawahi kuvuka Mwanza. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na moja, na kesho asubuhi unapanda ndege pale Bukoba. Unakwenda kusoma miaka minne. Nina miaka sitini na minne, na presha yangu unaijua. Sisemi hivyo ili nikutishe. Nasema tu kwamba nikilinyamazia leo, huenda nikalinyamazia moja kwa moja.

Nataka tuzungumze kuhusu siku ile nilipokupigisha magoti nje ya darasa.

Najua unaikumbuka. Hatujawahi kuitaja, wewe wala mimi, lakini ipo humu ndani kama kiti ambacho kila mtu anakizunguka.

Ulikuwa kidato cha tatu na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha fizikia. Kuwa mtoto wa mwalimu katika shule ya baba yako ni taabu, na taabu hiyo nilikuongezea mwenyewe. Nilikuamuru uniite mwalimu tukiwa shuleni. Nilikuwa nakukata alama kwa kosa ambalo mwenzako ningemsamehe, na wengine wakipigwa fimbo moja, wewe mbili. Yote hayo ili walimu wenzangu wasije wakasema nakubeba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hivyo. Nilikuwa najilinda na maneno ambayo hayakuwepo, na ngao yenyewe ilikuwa mgongo wako.

Siku ile nilikuwa nimechora ubaoni vile viduara vyangu, mistari mitano ya viduara vitano, kama nilivyochora kila mwaka tangu nianze kazi. Nikasema katika kitu kigumu kila chembe ina mahali pake, imeshikwa na jirani zake pande zote, inatetema papo hapo na haina pa kwenda. Kisha nikauliza kama kuna swali, kwa sauti ile ya mwalimu asiyetaka kuulizwa. Ukanyoosha mkono.

“Mwalimu,” ulisema, “je, kuna kitu kigumu ambacho ndani yake kuna chembe isiyoshikwa vizuri? Kama kahawa ikishakauka. Ganda limeshikamana, lakini ukilitikisa sikioni, buni zinacheza ndani. Hakuna chembe inayocheza namna hiyo?”

Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja wa nyuma alikunja ngumi akaitikisa sikioni mwake, “Emwani! Emwani!”, yaani kahawa kwa Kihaya chetu, na wakacheka zaidi. Wewe hukucheka. Ulikuwa umesimama unanitazama, unasubiri jibu.

Nikakuambia, “Hili ni somo la fizikia, si uwanja wa kuanikia kahawa. Toka nje. Piga magoti mpaka nitakapokuambia usimame.”

Ukatoka. Kengele ilipolia nilipitia mlango wa nyuma, kwa sababu sikutaka kupita mbele yako. Ofisini mkuu wa shule akanishika kwa mambo ya ratiba, nikasahau. Naandika neno hilo kwa aibu, lakini ni kweli, nilikusahau. Vipindi viwili na mapumziko yake vikapita wewe ukiwa juu ya changarawe. Mwalimu wenu wa Kiswahili ndiye aliyekukuta. Alinisimulia baadaye kwamba alikuambia uinuke ukamjibu, “Mwalimu hajaniambia,” na kwamba ilibidi akuinue kwa mikono yake.

Jioni mama yako alikuosha magoti kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Alipomaliza akanifuata pale uani nilipokuwa nageuza kahawa.

“Baba Kemi, mtoto amekosa nini?”

“Ameleta utani darasani.”

“Utani gani?”

Nikamweleza. Akainama, akaokota kahawa moja kwenye jamvi, akaileta sikioni mwangu na kuitikisa.

“Unasikia?”

“Nasikia.”

“Basi mjibu mtoto.”

“Mama Kemi, wewe hujui fizikia.”

“Na wewe pia, waitu,” akasema kwa adabu, akairudisha ile kahawa pale pale alipoiokota na kwenda kupika.

Alikuwa amenigusa penyewe. Sikujua, mwanangu. Hilo ndilo lililonikasirisha. Wala hukunidharau wala hukutania. Uliniuliza kitu ambacho sikuwahi kukisoma, mbele ya watoto arobaini walioamini kwamba mwalimu Laurian anajua kila kitu. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika ukoo wetu kushika chaki. Baba yangu alikuwa akiniita kwenye vikao vya wazee niwasomee barua, na nikikutana na neno nisilolijua nililiruka, nikatunga la kwangu, nao wakatikisa vichwa kuafiki. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuishi. Kusema “sijui” mbele ya watu kulikuwa kwangu sawa na kuvua suruali.

Kosa hilo lilikuwa kubwa. La pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika.

Asubuhi yake ulikuja mlangoni pangu, ukapiga magoti na kunisalimia kama binti yeyote wa kwetu aliyelelewa vizuri. Ulipiga magoti yale yale yenye vidonda. “Shikamoo, tata.” Nikaitikia marahaba, nikashusha pumzi. Nikajiambia yamekwisha, mtoto hana kinyongo. Nikaenda shuleni nikijisifu kwa wenzangu kwamba nimelea.

Hukuniuliza swali tena, Kemilembe, tangu siku hiyo.

Ilinichukua miaka kuliona hilo, maana ulikuwa mwepesi mno katika mengine yote. Kila nililosema ulikubali, ego, tata. Chai niongeze, tata? Maji ya kuoga yako tayari, tata. Darasani uliandika nilichosema na kwenye mtihani ukanirudishia vile vile, neno kwa neno, na nikakupa alama zote. Ulipochagua fizikia kidato cha tano nilisikia kwa mama yako. Ulipokwama kwenye hesabu za mawimbi, ulikwenda kwa kijana mmoja wa Ijuganyondo aliyekuwa likizo kutoka chuoni, ukapanda gari kwenda na kurudi, ilhali baba yako yuko hapa na vitabu vyake na miwani yake. Hilo nalo nililitafsiri kuwa heshima, kwamba hukutaka kunisumbua.

Sijui kama kosa hili hufanywa na watu wa kwingine. Sisi tuna adabu nyingi. Mtoto anaweza kukupigia magoti kila asubuhi kwa miaka kumi na usijue kama anakuheshimu au ameshaondoka akakuachia magoti tu. Mimi niliyapokea, yakanitosha.

* * *

Nimerudi. Manyunyu yalinidanganya. Nilikimbia kukunja jamvi, jirani akanicheka kutoka kwenye migomba yake, na mvua yenyewe imepita ikaenda zake ziwani. Nimeanika tena.

Sasa nikuambie la hospitali.

Siku tatu kabla mama yako hajafariki, ulikuwa umefika kutoka Dar es Salaam na tulikuwa wote chumbani, mimi nimekaa kitandani miguuni pake, wewe umesimama dirishani na chupa ya uji mkononi. Alifumbua macho akanitazama muda mrefu. Akasema, “Mtoto bado yuko nje. Mwingize ndani.” Nikamwambia, “Mama Kemi, mtoto huyu hapa, anakuletea uji.” Akatikisa kichwa. “Yuko nje. Mwambie aingie.” Nikakuangalia wewe, nikakukonyeza kama kusema homa imempanda, amepotewa. Ukainamisha uso ukamimina uji.

Mama yako hakuwa amepotewa. Niliyepotewa ni mimi. Tulimzika hapa nyumbani kwenye kibanja, kati ya migomba, wewe ukarudi chuoni, na yale maneno niliyaacha hospitalini pamoja na chupa.

Mwaka jana ulipomaliza ulirudi na kile kitabu chenye jalada la bluu, utafiti wako. Hukunipa. Ulikiweka kwenye rafu, kati ya Biblia na albamu ya picha, ukaenda kumsaidia shangazi yako kuvuna maharage. Nilikaa siku mbili nikipita karibu yake kama paka anayepita karibu na maziwa. Siku ya tatu nikakitoa.

Nilifungua kwanza ukurasa wa shukrani. Nitakuambia ukweli, nilikuwa natafuta jina langu. Uliwashukuru walimu wako wa chuo. Ukamshukuru yule kijana wa Ijuganyondo. Mwisho kabisa ukaandika kwamba kazi hii ni ya mama yako, aliyekufundisha kutikisa na kusikiliza kabla ya kusema imekauka. Jina langu halikuwepo. Nilirudia kusoma, nikidhani nimeruka mstari. Halikuwepo, na halikustahili kuwepo.

Kisha nikaanza kusoma chenyewe. Nilisoma tangu wakati wa kuvuna kahawa mpaka wakati wa kupanda maharage, kwa kamusi, kurasa mbili kwa siku na siku nyingine moja. Nikuandikie nilichoelewa, nawe unisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Kuna fuwele, umesema, ambazo atomi zake zimeshikana zikajenga vizimba, kimoja kimepakana na kingine. Ndani ya kila kizimba kuna atomi ya aina nyingine, na wenyewe mnaiita mgeni. Kizimba ni kipana kuliko mgeni wake. Kwa hiyo mgeni hajashikwa sana. Si kwamba hakushikwa kabisa, umelisisitiza hilo, ila ameshikwa kwa ulegevu, na anatetema polepole, kwa mwendo wake mwenyewe, akiitumia nafasi yote aliyopewa. Joto linapojaribu kupita linapita kama mitetemo, kutoka jirani hadi jirani, na likifika kwa mgeni linavurugika, halipiti vizuri. Umeme hauhangaiki naye, unapita kwenye kuta za vizimba. Ndiyo sababu upande mmoja wa kitu hicho unaweza kubaki wa moto na wa pili wa baridi, na katika tofauti hiyo mtu akavuna umeme. Ukatoa mfano wa bomba la moshi la gari. Mimi nikafikiria mafiga ya mama yako, joto lote lile alilokaa nalo miaka thelathini likapotelea kwenye dari.

Nilipofika ukurasa ule wenye mchoro wa kizimba na mgeni katikati, nilisimama nikatoka nje. Nikaokota kahawa moja jamvini. Nikaiweka sikioni nikaitikisa.

Nililia, mwanangu. Nililia pale uani mchana kweupe, mzee mzima na kahawa sikioni, na kama jirani aliniona, aliniona. Kwa maana hiyo ndiyo kahawa uliyoniletea darasani kwangu ukiwa na miaka kumi na sita. Ilikuwepo. Chembe inayocheza ilikuwepo, na pengine walikuwepo watu katika nchi za mbali waliokuwa wakiifanyia kazi siku ile ile nilipokutoa nje. Ungeweza kuachana nayo. Watoto wangapi nimewatoa nje wakaachana na walichokuwa nacho mkononi? Sitawajua. Wewe nakujua kwa kuwa mama yako alikuosha magoti na hakukuambia swali lako ni baya.

Ndipo pia nilipoyaelewa maneno yake ya hospitalini, kwamba mtoto aliyemsema ni yule niliyemwacha nje ya darasa. Alikuwa amechelewa kunieleza, na mimi nilikuwa nimechelewa zaidi kusikia.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta nafasi. Ulikuja Krismasi, nikasema kesho. Ulikuja kwenye misa ya mama yako, nikasema watu ni wengi. Wiki hii nzima umekuwa humu ndani unapanga begi, na kila nilipofungua mdomo umeniwahi, “Tata, unahitaji kitu?” Nami nikajibu, “Hapana, mwanangu, endelea.” Mwoga ni mwoga hata akistaafu.

Kwa hiyo nimekuja kwenye karatasi, ambako huwezi kunipigia magoti.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu unakokwenda. Nasikia watu wa kule nao wana adabu nyingi na huinama wanaposalimiana. Basi utafika ukiwa umeshahitimu. Ila nikuombe hili moja, kwa sababu nimelilipia. Siku utakapokuwa na wanafunzi wako, au mume, au watoto, ukaona mmoja wao amekuwa mpole ghafla, hana neno, kila kitu ni ndiyo, usishukuru Mungu. Mfuate umuulize umemkosea nini. Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui, upesi, kabla uoga haujakutafutia neno jingine.

Umeandika pia kwamba kuna wageni ambao kizimba ni kipana mno kwao, hawakai katikati, wanaegemea pembeni, mara huku mara kule, na kwamba hata baridi ikizidi hadi pale ambapo vitu vingine vyote vinakaribia kutulia, wao hawatulii. Ni ukurasa wa arobaini na mbili. Nimeusoma mara sita. Kwa nini hawatulii? Nakuuliza kwa kuwa sijui, na hapa Kagoma hakuna mwingine wa kumuuliza. Ukifika, ukishalala ukaamka, niandikie. Nitasoma na kamusi yangu, polepole, na nisipoelewa nitakuuliza tena.

Sikuombi unisamehe kabla ya kesho. Ingekuwa ni kukulazimisha, na ninavyokujua ungejibu “ego, tata” ili nipate usingizi. Kaa na barua hii. Miaka minne ni mingi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa maneno, kwa simu, kwa barua, usinihurumie. Nitafurahi zaidi kusikia hasira yako kuliko kuendelea kupewa chai.

Nasikia pikipiki inapanda mlima wa kanisani. Huenda ni wewe. Nakunja karatasi hizi naziweka kwenye begi lako, ndani ya kitabu chako cha bluu, ukurasa wa shukrani. Humo utakuta na kahawa moja ya maganda, ya mbuni ule ulio karibu na kaburi la mama yako. Si ya kutafuna. Nimeitikisa mwenyewe, imekauka.

Uliniuliza, je, kuna kitu kigumu ambacho ndani yake kuna chembe isiyoshikwa vizuri, inayocheza kama buni ndani ya ganda? Hili ndilo jibu nililopaswa kukupa siku ile, mbele ya darasa zima.

Sijui, Kemilembe. Ni swali zuri kuliko somo langu.

Sasa simama, mwanangu. Simama, ujipanguse magoti, uingie ndani.

Baba yako